Safari Isiyopangiwa Siku

"Unaondoka lini?" Douwe Hoekema alimuuliza binti yake. Swali hilo lilikuja kila asubuhi pamoja na kahawa ya saa nne.

"Tutaona, Baba," Rinske alijibu.

"Tutaona ndiyo siku gani? Iko kabla ya Jumanne au baada yake?"

Rinske alicheka, akamsogezea biskuti yake, akafunga kopo. Biskuti moja kwa kikombe kimoja: ndivyo nyumba ile ilivyokuwa tangu mama yake angali hai, na hata sasa ambapo Douwe hakuweza kumeza zaidi ya nusu, kopo lilifungwa vilevile. Kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, kando ya dirisha kubwa lisilo na pazia. Kutoka hapo aliona malisho, mfereji, na barabara aliyopita na lori la maziwa maisha yake yote ya kazi. Ng'ombe wa upande ule wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, walimjua kwa mlio wa breki, na hakuna mkulima aliyewahi kumngoja, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, kiwele kikijaa hakina subira. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tutaona" unamtafutia maradhi. Na maradhi alikuwa nayo tayari: kansa ya kongosho, iliyogunduliwa baridi ilipokuwa inaisha. Bandu bandu huisha gogo, na Douwe aliyekuwa akiinua mpira wa kuvutia maziwa tangini kwa mkono mmoja sasa aliinua kikombe kwa miwili.

Watu wa kule hujisifu kwamba wanasema wazi. Ni kweli, watasema. Watakuambia umenenepa, supu yako haina chumvi, na mwanao hesabu haziwezi, na watakuambia hayo wakiwa wageni wako, mezani kwako. Lakini mpe mmoja wao jambo linalomkata maini, neno moja tu la kumwambia mtu anayempenda, uone atakavyogeuka bubu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wenye lugha yetu walishasema, na laiti mmoja wao angepita siku ile akawaambia hao wawili.

Rinske alikuwa amemaliza chuo, na hamu yake ilikuwa kubeba shanta mgongoni aende Georgia, ile ya milima ya Kaukazi, si ile ya Marekani. Shangazi Baukje, dada yake Douwe, alizichanganya kila mara na kumwonya juu ya bunduki. Hakutaka hoteli wala basi la watalii lenye mtu wa kushika bendera. Alitaka kukaa na watu, akande mkate wao, alale wanapolala, ajifunze zile nyimbo za sauti tatu ambazo wanaume huimba wakiwa mezani. Zaidi ya yote alitaka kuwahi mavuno ya zabibu, wakati kijiji kizima huingia shambani na mgeni hupewa kisu na kikapu kabla hajaulizwa jina. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Wale, inaelekea, hawana subira hiyo.

Tiketi alikwisha kuinunua, ya aina ile inayosogezwa. Ukiamka na moyo mwingine unabonyeza simu, siku inahama. Aliinunua hivyo kwa sababu moja tu. Alitaka kukaa na baba yake mpaka mwisho, miezi yote iliyobaki, hata ile mibaya, na aondoke baadaye. Safari aliizungumza kila siku ili chumba cha mgonjwa kiwe na kitu cha kuzungumzwa. Lakini kusema "nitakwenda baadaye" ni kusema "nitakwenda ukishakufa," na hilo ulimi wake ulilikataa. Akawa anajibu "tutaona" na kufunga kopo la biskuti.

Douwe naye alikuwa na safari yake. Sheria ya nchi ile humruhusu mgonjwa asiyepona na anayeteseka kumwomba daktari amsaidie kufa, na Douwe alikwisha kuomba. Daktari Terpstra, mama wa makamo aliyekuwa akimtibu tangu zamani, alikubali. Akaja daktari wa pili asiyemjua mgonjwa, akakaa naye, akamhoji, naye akakubali. Kilichobaki ni siku.

"Nitajua mwenyewe," alimwambia Rinske. "Kama nilivyokuwa najua dizeli inapokaribia kuisha, hata kabla mshale haujalala."

Basi mchana walikunjua ramani juu ya blanketi, wakapanga. Douwe aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia mwenyewe, ingawa aliifanya kwa kugomba.

"Hapa utalala wapi?" aliuliza, kidole juu ya mji mdogo mashariki.

"Sijui. Kwa yeyote atakayenikaribisha."

"Na asipokukaribisha mtu?"

"Nitasogea kijiji cha pili."

"Hiyo si safari, mwanangu, huko ni kupotea kwa hiari."

"Ndiyo raha yake, Baba. Ukipanga kila kitu unakutana na ulichokipanga tu."

Douwe alilitafakari hilo, akakuna kidevu. "Basi ukifika penye watu usisimame na simu unapiga picha kama mkaguzi wa afya. Tafuta mtu aliyebeba kitu, umpokee. Nimeingia mazizi ya watu wakali wilaya hii nzima, na wote walinipenda kwa sababu nilishika upande wa pili wa kitu kizito." Kisha akauliza tena, akitazama dirishani, "Zabibu zenyewe huvunwa lini?"

"Mwezi wa tisa, mpaka wa kumi hivi. Lakini hata mwakani zipo."

"Mwakani utakuwa umeajiriwa," Douwe alisema, akakunja ramani.

Imke ndiye aliyelichokonoa. Huyo alikuwa rafiki yake Rinske tangu shule, na walipatana kwenda pamoja. Alipiga simu akitaka jibu, na Rinske akaipokea jikoni, mlango akauacha wazi kidogo kama kawaida ili amsikie mgonjwa akiita.

"Mimi nimepewa ruhusa kazini, siwezi kuisogeza," Imke alisema. "Unakuja au huji?"

"Wewe nenda tu. Mimi siwezi kuondoka Baba angali hai."

"Na zabibu je?"

"Zabibu zitajijua, Imke."

Alipoweka simu alisikia kikohozi sebuleni, kisha kimya. Alichungulia, akamwona Douwe amefumba macho, akadhani amelala. Akamfunika miguu.

Asubuhi iliyofuata Douwe alimtuma mkate, ingawa mkate ulikuwapo. Rinske alipanda baiskeli akaenda, na aliporudi alikuta gari la daktari linageuza uani. Daktari Terpstra alimpungia mkono bila kutabasamu.

"Jumatano ijayo," Douwe alimwambia kabla hajavua koti. "Saa nane mchana."

"Jumatano kuna nini?"

"Daktari anakuja."

"Si ndiyo ametoka sasa hivi?"

"Leo alikuja kunisikiliza. Jumatano anakuja kunimaliza."

Rinske alikaa juu ya ukingo wa kitanda, mkate mkononi. "Maumivu yamezidi?"

"Nimechoka. Yanauma, nimechoka, na sioni ninachokingoja. Mambo yako nayo yatanyooka."

Hayo ya mwisho hayakumwingia. Alikuwa bado yuko kwenye neno Jumatano. Alitaka kusema hapana. Alitaka kumshika shati, amwambie bado, Baba, hatujamaliza, sijatosheka nawe. Lakini kwa watu wale, mtu mzima akiamua la mwili wake na uchungu wake, humshiki mguu. Kumlilia abaki ni uchoyo, na Rinske alilelewa asiwe mchoyo.

"Sawa, Baba," alisema. "Kama ndivyo unavyotaka."

Douwe alimtazama kwa muda, kama mtu anayengoja sentensi ya pili.

"Ndivyo," alisema.

Wakaanza kuja waagaji, wawili wawili, kwa miadi, kila mmoja robo saa yake. Mzee Gerben, mkulima ambaye Douwe alimbebea maziwa tangu wote wawili wana nywele, alileta gurudumu zima la jibini.

"Sasa hili atalila nani?" Douwe aliuliza.

"Sikujua huletewa nini mtu wa namna yako," Gerben alisema, macho mekundu. Alikaa, akazungumzia mvua, akazungumzia ndama aliyezaliwa vibaya. Dakika zake zilipokwisha alisimama, akavaa kofia. "Haya, Douwe. Tutaon..." Akakwama hapo hapo, maana kuaga kwao ni huko tu, hawana kwingine.

"Malizia tu, Gerben. Na sukari yako hiyo, hutanikawiza kukungoja huko."

Gerben alicheka, kisha akalia waziwazi, akatoka bila kufunga mlango. Hata Douwe alifuta macho, akasema ni vumbi la kofia ile.

Jumatano ilifika kwa jua zuri lisilo na haya. Shangazi Baukje alikuwa jikoni tangu mapema, akipaka mikate siagi na kuitia jibini la Gerben, kwa ajili ya watu watakaokuwa na njaa baadaye. Watu huwa na njaa hata siku hiyo. Daktari Terpstra aliingia na mkoba wake, akauweka sakafuni, akakaa kando ya kitanda. Rinske alikuwa upande wa pili, ameushika mkono wa baba yake, ambao ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Douwe," daktari alisema, "ni lazima nikuulize tena. Hili bado ndilo unalolitaka?"

"Ndiyo."

"Ni kwa ajili yako mwenyewe?"

Hapo mtu mwingine angejibu ndiyo akamaliza. Lakini Douwe, ukimuuliza swali la wazi, hakujua kulikwepa. "Kwangu, na kwa mtoto," alisema. "Ana safari. Zabibu haziwezi kungoja kansa."

Rinske alimwinamia. "Safari gani?"

"Yako. Ulimwambia Imke huwezi kuondoka nikiwa hai. Nilikuwa macho." Alisema kwa upole kabisa, bila kulaumu. "Usione haya, mwanangu. Ni kweli tupu. Mtu hawezi kupanga lolote na mimi nimelala katikati ya nyumba."

"Siwezi maana sitaki!" Rinske alipiga kelele, na kelele katika nyumba ile zilikuwa kitu kigeni. "Sitaki kuondoka! Ile tiketi nimeiacha wazi ili nikae na wewe, Baba, kwa hilo tu. Sijali zabibu. Nakutaka wewe, mpaka siku ya mwisho, hata ukiwa mbaya, hata ukinitukana. Nani alikuambia nangoja ufe?"

Shangazi Baukje alitokea mlangoni, kisu cha siagi mkononi.

"Mbona hukusema?" Douwe aliuliza.

"Wewe mbona hukuniuliza?"

"Nimekuuliza kila asubuhi!"

"Umeniuliza 'lini'. Hukuniuliza 'kwa nini'."

Daktari Terpstra aliuchukua mkoba wake akauweka mapajani, haukufunguliwa. "Leo sifanyi kitu," alisema.

"Lakini nimeshamuaga Gerben," Douwe alisema, kwa fadhaa ya kweli kabisa. "Nimewaaga watu wote. Wamekuja kwa miadi."

"Utawaomba radhi."

Baukje alianza kucheka kwanza, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, kisha Rinske, kisha Douwe mwenyewe, ameshika tumbo kwa maumivu. Wakala ile mikate ya msiba na marehemu akiwa katikati yao, naye akala kipande kizima.

Siku zilizofuata zilikuwa njema, na sitazinyima haki yake. Walipanga safari upya, mara hii bila kujificha nyuma yake. Rinske alisema waziwazi: nitakwenda ukishakufa, Baba. Douwe akasema: vema, na sasa nieleze utakwenda vipi. Walijifunza kusalimia kwa lugha ya kule, na Rinske alipomwambia kwamba salamu yao asili yake ni kumtakia mtu ushindi, Douwe alijitazama blanketini akasema, "Watakuwa wananitania." Walisikiliza zile nyimbo za sauti tatu kwenye simu. "Ng'ombe watatu zizini," Douwe alitoa hukumu, "lakini wamepatana." Akataka zirudiwe. Gerben alipita na baiskeli, akatupa jicho dirishani, akamwona mtu aliyemuaga kwa machozi anampungia mkono. Nusura aingie mferejini. Rinske alipika, akamwosha, akalala kwenye kochi miguuni pake, na alikuwa na furaha. Alijua si halali, lakini alikuwa nayo.

Kisha maumivu yakaja kwa namna nyingine. Ngozi ya Douwe ikawa ya njano, macho nayo. Dawa aliyopewa asubuhi haikumfikisha mchana. Daktari Terpstra alikuja, akamkagua, akazungumza naye Rinske akiwapo, kwa sababu sasa hapakuwa na siri tena.

"Douwe, ombi lako bado lipo?"

"Bado lipo."

"Basi weka siku. Nakuambia kama rafiki. Ini linashindwa, na likishindwa kabisa litaondoka na akili. Siku nitakapokuuliza nawe ukashindwa kunijibu, mimi nitakuwa sina la kufanya."

"Iko karibu?"

"Sijui. Ningekuwa wewe, ningesema Ijumaa."

Douwe aligeuza kichwa akamtazama binti yake. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia Rinske mtazamo ule. Ulikuwa unamuuliza yeye. Na alijua jibu. Alikuwa amemwona akiuma mto asubuhi ile ili asipige kelele. Neno lilikuwa moja tu, Ijumaa, na kazi yake ilikuwa kulisema, au hata kutikisa kichwa tu. Akainamisha macho, akaanza kunyoosha blanketi ambalo halikuwa limekunjamana.

"Tutaona," Douwe alisema.

Hilo neno hakuwahi kulitumia maisha yake yote. Alilitoa kama zawadi, akiwa amelifunga vizuri, na aliyepewa akalipokea. Daktari aliwatazama wote wawili, akataka kuongeza kitu, akaacha. Naye alikuwa mtu wa hapo hapo. Rinske aliposikia mlango unafungwa alishukuru moyoni. Alishukuru kweli, kama mtoto aliyeongezewa saa ya kucheza. Shukrani hiyo hakuweza kujisamehe baadaye, na mimi sijui kama alipaswa kujisamehe.

Ijumaa ilipita Douwe akiwa na homa. Jumamosi alimwita Rinske kwa jina la mama yake. Siku iliyofuata alianza kutafuta funguo za lori. Maziwa yanaharibika, alisema, watu wanangoja, nani amefunga geti? Alijitupa nje ya kitanda, akaanguka, na walipomwinua alitoa sauti ambayo Baukje aliikimbia mpaka bustanini, akasimama kwenye kabichi ameziba masikio. Aliwatukana. Alimpiga Rinske kofi usoni akidhani ni mwizi wa dizeli. Kisha alilia, akaomba, lakini aliomba vitu visivyokuwapo.

Daktari Terpstra alipiga magoti kando ya kitanda, uso wake karibu na wa mgonjwa.

"Douwe, unanifahamu?"

"Tangi limejaa."

"Douwe, nisikilize. Unataka nini?"

"Fungua geti."

"Unataka nikusaidie kufa?"

"Kwanza tuoshe mpira," Douwe alisema. "Lazima uoshwe kwa maji ya moto."

Alimuuliza tena, na tena baada ya muda, na alipoinuka alikuwa amezeeka. Jikoni alisimama na mgongo wake mlangoni.

"Siwezi," alisema.

"Alikwisha kusema!" Rinske alimkaripia. "Karatasi zipo, daktari wa pili alikubali, alikuambia mwenyewe mbele yangu ombi lipo!"

"Aliniambia. Halafu nikamwambia aweke siku, akasema tutaona. Mimi mkono wangu hausogei mpaka mwenyewe anijibu, Rinske. Ile Jumatano alinijibu vizuri kabisa, na uliona wewe mwenyewe jibu lake lilikuwa na nini ndani. Sasa hata jibu hana."

"Kwa hiyo ndiyo hivi? Hivi mpaka mwisho?"

"Hapana. Nitamtia usingizi wa dawa, asihisi. Lakini dawa yenyewe na mashine ya kuiingiza lazima ziletwe kutoka mjini. Nakwenda kuzifuata mwenyewe. Atalala, na mwili utaondoka kwa wakati wake." Alimshika bega. "Mpe haya matone mpaka nirudi. Yatasaidia kidogo."

Rinske alirudi sebuleni. Maji yakimwagika hayazoleki, alijua hilo, ila hakujua kwamba mtu anaweza kukaa ndani ya hayo maji akiyatazama. Imke alikuwa amekwisha kufika Georgia peke yake, na asubuhi ile picha zake ziliingia kwenye simu: wanawake wenye mikono ya zambarau, kikapu kilichojaa, mzee aliyenyanyua glasi. Imke aliandika kwamba wamempa kisu kabla hajakaa. Rinske aliweka simu kifudifudi dirishani.

Matone yalimtuliza Douwe kiasi. Alinyamaza, akapumua, kisha akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu homa ianze macho hayo yalimwona.

"Rinske," alisema. "Umerudi."

"Nipo, Baba."

"Umerudi kutoka kule. Umekonda." Alijaribu kutabasamu, midomo imepasuka. "Haya, nieleze. Zabibu zilikuwaje?"

Watu wale hawadanganyi wagonjwa wao. Wanaona ni kuwavunjia heshima. Rinske alifungua kinywa amwambie ukweli, kwamba hakuenda kokote, kwamba alibaki hapa na akaharibu kila kitu. Kisha akavuta kiti.

"Zilikuwa nyeusi, Baba, na vumbi juu yake. Nilipofika nilimkuta bibi mmoja anahangaika na kikapu, nikashika upande wa pili."

"Ahaa."

"Hatukuelewana hata neno. Alinipa kisu. Aliicheka mikono yangu, akasema, nadhani alisema, ni mikono ya mtu wa ofisini. Jioni tukaoka mkate. Wanaubandika ukutani, ndani ya tanuri, unaning'inia hapo mpaka uive. Nikaungua kidole. Halafu wanaume wakaimba."

"Ng'ombe watatu."

"Walewale. Nililala kwao. Nilitaka kukaa siku moja, nikakaa mpaka zabibu zikaisha."

"Hukupanga?"

"Sikupanga chochote."

"Vizuri," Douwe alisema. "Vizuri sana." Alifumba macho kidogo, na Rinske alidhani amelala, akaanza kujifuta uso kwa mkono wa sweta. Lakini Douwe alikuwa anafikiri. Paji lake la uso lilikunjamana, kama mtu anayekagua hesabu ambayo haikubali kusawazika.

"Na mimi?" aliuliza. "Ukiwa bado hujaondoka. Nilikufa vizuri?"

Rinske aliushika ule mkono mkavu kwa mikono yake miwili.

"Vizuri, Baba," alisema. "Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Daktari alikuja, ukamjibu, ukalala. Nilikuwa nimekushika hivi. Hukuumia hata kidogo."

Douwe alimtazama. Alimwamini; hakuwa na sababu ya kutomwamini, maana mtoto huyo hakuwahi kumwongopea.

"Basi mbona bado inauma?" aliuliza.

Rinske aligeukia dirishani. Barabara ilikuwa tupu mpaka kule inakokata kona, na gari la daktari lilikuwa bado halijatokea.